Fungu la Mgawaji

Jina la Raheli Ndahani liliingizwa kwenye kompyuta na mwanawe wa kumzaa, kwa vidole vyake mwenyewe, Jumanne moja ya Agosti mwaka 2003. Kijiji: Chiwondo. Watu katika kaya: mmoja. Mavuno: hakuna. Zablon alipofika kwenye neno hilo la mwisho alisita kidogo, maana kumwandika mama yako kuwa hana chakula si jambo jepesi hata kama ni kweli tupu. Kisha akabonyeza kitufe na kuchukua kadi iliyofuata. Asije mtu akasema baadaye kwamba kijana alimsahau mama yake. Hakumsahau, na hapo ndipo uchungu wa habari hii ulipo.

Mwaka ule mvua iliwachezea watu wa Dodoma mchezo mbaya. Ilinyesha Desemba wakapanda, ikachungulia Januari, kisha ikaondoka moja kwa moja. Uwele ulinyauka ukiwa magotini. Kufikia Juni, kuanzia Ihumwa mpaka huko juu Chemba, watu walikuwa wameanza kuhemea: unafunga kikapu chako, unakwenda kwa ndugu aliyevuna, unamlimia au unakaa tu uani kwake mpaka aone haya akupimie chochote. Serikali na wafadhili wakaleta mahindi. Kazi ya kuyagawa ikapewa shirika moja, kwa kuwa ilikuwa ile miaka ya kila kitu kukabidhiwa shirika au kampuni, kuanzia maji mpaka takataka. Shirika hilo lilikuwa limepanga nyumba mtaa wa Kikuyu, Dodoma mjini, na sebule ya nyumba hiyo ndiyo iliyokuwa chumba cha kompyuta.

Zablon alikuwa na miaka thelathini na moja, fundi wa programu, na ukimwuliza yeye, kuanzia Morogoro mpaka Singida hapakuwa na mwingine. Huenda ilikuwa kweli. Siku hizo waandika programu wote wa kanda ya kati ungeweza kuwakalisha kwenye benchi moja la kanisa na nafasi ikabaki ya kuweka mikoba. Lakini sifa ni tamu hata ukiwa unashindana na wachache, na Zablon aliipenda.

Kitu kingine alichokuwa nacho alikitoa nyumbani. Alipokuwa na miaka tisa hivi, siku ya sikukuu, marehemu baba yake alimpa kazi ya kugawa nyama ya mbuzi kwa watu waliokaa uani. Mtoto akaficha ini chini ya mfuniko wa chungu, ajitengee yeye na mama yake. Raheli alikuja akafunua, akalitoa lile ini mbele ya watu wote na kumpa mgeni. "Mgawaji huchukua mwisho," alimwambia. "Yeye na wa kwake. Kikibaki mnakula, kisipobaki mnalala." Zablon alilia sana siku ile. Alipokuwa mkubwa aliwasimulia watu kisa hicho kwa kujisifu, kwamba hivyo ndivyo alivyolelewa.

Sasa ile kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kadi zilizotoka vijijini zilikuwa elfu thelathini na tisa, mia tisa sitini na tatu. Wafadhili walikuwa wakali kuhusu majina hewa: mtu anajiandikisha kijiji hiki kama Chilewa, kile cha pili anajiita Chilewo, anachukua magunia mawili huku jirani hana debe. Kwa hiyo programu ya Zablon ililinganisha kila jina na majina mengine yote, ikapima tahajia, umri na idadi ya watu wa kaya, ikitafuta pacha wa uongo. Kompyuta ya zamani ilifanya kazi hiyo kwa siku nzima na nusu, tena umeme usipokatika.

Mwezi huo wafadhili wakaleta kompyuta mpya. Ilikuwa na prosesa mbili, bongo mbili ndani ya sanduku moja, na Zablon aliizunguka kwa siku mbili akitabasamu peke yake. Aliiandika programu upya. Badala ya kazi yote kupita kwenye mlango mmoja, aliigawa kwa nyuzi nane, yaani mikondo nane ya kazi inayokwenda sambamba, kila uzi ukichukua fungu lake la majina na kulishughulikia wakati ule ule ambao nyuzi nyingine zinashughulikia ya kwao. Kila uzi aliukabidhi lambda, yaani kijikazi unachokiandika papo hapo bila kukipa jina na kumpa mwingine akitekeleze: linganisha jina hili na mengine, likiwa safi, liandike kwenye orodha, katika nafasi inayofuata. Mistari mitano tu. Aliipenda ile mistari mitano kama mtu anavyompenda mtoto mtundu mwenye akili.

Salwa Hanifu hakuipenda. Salwa ndiye aliyekuwa mkuu wa orodha, mwanamke wa makamo, Mwislamu wa mjini hasa. Babu zake walifika Dodoma na misafara, na kwao hadithi ya mizigo ilikuwa bado hai: kila jioni mzigo uliohesabiwa na mtu mmoja ulichukuliwa kama haujahesabiwa. Kabla ya kompyuta alitengeneza orodha kwa rula na penseli, na utaratibu wake ulikuwa kusomeana. Mmoja anasoma kadi kwa sauti, mwingine anatia alama kwenye orodha, mpaka jina la mwisho.

"Mdogo wangu," alimwambia Zablon, "tuiendeshe na ile ya zamani pembeni. Siku moja na nusu si kitu. Halafu tukae mimi na wewe tusomeane vijiji vitatu vinne, tuone kama zinakubaliana."

"Dada Salwa, hii ni kompyuta, si karani. Haichoki wala haisinzii."

"Sijasema inasinzia. Nimesema tuhakiki."

"Tukisomeana, wafadhili watatucheka," Zablon alisema, na vijana wawili wa kuchapa kadi wakacheka kabla ya wafadhili. Salwa akafunga daftari lake. Hakuwa mtu wa kubembeleza.

Bwana Gaudence, mkuu wa shirika, naye alikuwa ameshajitia kitanzi. Aliwaahidi wageni kwamba Ijumaa watakaa sebuleni, watapewa soda, na kabla soda hazijaisha ladha orodha nzima itakuwa imetoka kwenye printa. Chini ya saa moja, alisema. Alhamisi asubuhi Zablon akaipima programu. Ilichukua saa moja na dakika kumi na moja.

Alijua kilichokuwa kinaichelewesha. Kwenye ile mistari mitano aliweka kufuli. Nafasi inayofuata kwenye orodha ilikuwa namba moja tu, na nyuzi zote nane ziliitumia. Kufuli lilizilazimisha zipange foleni: uzi mmoja uingie, usome namba, uandike jina, uongeze namba moja, utoke, ndipo mwingine uingie. Foleni ndiyo iliyokula dakika. Zablon alilitazama lile kufuli kwa muda mrefu. Aliwaza kwamba kusoma namba na kuiongeza ni kitu cha chini ya kufumba na kufumbua, nyuzi mbili zitagonganaje hapo? Akalitoa. Akaijaribu programu kwenye kompyuta yake ndogo ya mezani, kwa majina elfu mbili, mara nne. Majibu yalikuwa sahihi mara zote nne. Kompyuta hiyo ilikuwa na prosesa moja. Hilo nalo alilijua, lakini siku hiyo hakulipa uzito.

Ijumaa ilichukua dakika arobaini na tisa. Printa ilianza kukoroma, wageni wakasimama, Bwana Gaudence akashika karatasi ya kwanza kama hati ya kiwanja. "Kadi elfu thelathini na tisa mia tisa sitini na tatu zimeingia," alisoma. "Kaya zilizopita, elfu thelathini na nane mia saba tisini na saba. Ndugu zangu, tumekamata majina hewa elfu moja mia moja sitini na sita!" Watu wakapiga makofi. Zablon akainama kidogo, kama afanyavyo mtu anayejidai hataki kusifiwa.

Orodha zikaenda vijijini, magari yakafuata. Zablon alikuwa na desturi ya kumpelekea mama yake debe la mtama kila mwisho wa mwezi, kwa kondakta wa basi la njia ya Chemba. Mwezi wa Agosti ulipoisha hakupeleka. Mama yumo kwenye orodha, na mahindi ya orodha yalitosha, tena yalifikishwa mpaka kijijini. Badala ya kutafuta debe sokoni alishinda ofisini akiboresha programu. Septemba hivyo hivyo. Oktoba hivyo hivyo.

Mwishoni mwa Novemba yule kondakta alipita Kikuyu na ujumbe kutoka kwa Yudith, jirani wa mama yake. Ulikuwa mfupi. Mama yako hali yake si nzuri, njoo.

Alifika Chiwondo Jumamosi saa nne asubuhi. Raheli alikuwa amelala barazani kwenye ngozi, amejifunika kitenge katikati ya joto. Zablon aliona kwanza mikono. Ngozi ilikuwa imeachana na nyama, na nyama yenyewe haikuwepo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mbukwa." Aliongeza hiyo salamu ya Kigogo kwa sauti ileile, ila imekauka. "Mbona mchana wa kazi? Kazi umemwachia nani?"

"Leo Jumamosi, mama. Unaumwa nini?"

"Kifua. Na homa inakuja inaondoka. Utu uzima huo."

Zablon akaingia ndani kumtafutia maji. Aliona chungu chenye mlenda mkavu wa kuchemsha na chumvi. Akafunua kihenge. Akafunua ndoo. Akatoka.

"Mama, mahindi yako wapi? Umeyagawa?"

"Mahindi gani?"

"Ya orodha."

Raheli akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akangoja kipite. "Hebu usijifanye hujui. Hawakunisoma."

"Hawakukusoma?"

"Siku ile ya kwanza walisoma majina yote ya Chiwondo, wakanipita. Watu wote wakageuka kunitazama. Sila, mtendaji wa kijiji, akataka kusema neno. Nikamwambia, nyamaza, Sila. Orodha hii inatengenezwa na mwanangu. Nilimfundisha mimi, mgawaji huchukua mwisho, yeye na wa kwake." Alinyoosha mkono, akamshika Zablon kidole kimoja, kama watoto wanavyoshika. "Nilirudi nyumbani siku ile sina gunia lakini natembea kichwa juu. Nilisema moyoni, kumbe nimezaa mtu. Langu litakuja mwisho. Nikangoja."

Zablon alifungua mdomo. Alikuwa na maneno tayari: mama, sikukutoa, nilikuandika kwa mkono wangu. Lakini aliutazama ule uso uliokonda na ile fahari iliyokuwa imekaa juu yake, fahari ambayo mama yake aliilipia kwa miezi mitatu ya mlenda, na hakuyasema. Alidhani bado kulikuwa na wakati. Alidhani atamwambia akishapona.

"Ndiyo, mama," alisema.

"Usione haya. Umefanya vizuri."

Yudith alikuwa ameshafika, amesimama kizingitini, amefunika bakuli kwa kanga. "Mara ngapi nimemletea huyu uji," alisema kwa hasira ambayo ilikuwa pia kilio. "Ananirudishia bakuli limejaa. Eti wakimwona anakula cha watu, watasema mwanawe amemtoa kwa unafiki. Nikimwambia, Raheli, nani atajua? ananiambia, mimi."

Zablon akakimbia kwa Sila kutafuta gari la kumpeleka mama yake hospitali mjini. Lililopatikana lilikuwa la mfanyabiashara wa mbuzi, lipo mnadani, litarudi saa tisa. Walimlaza Raheli vizuri palepale barazani, chini ya kivuli cha paa, tayari kwa safari, amevaa gauni lake la kanisani. Saa saba na nusu alimwomba Yudith amwekee vizuri kitambaa cha kichwa. Saa nane alikuwa amekufa. Gari lilifika saa tisa, kama ilivyoahidiwa.

Walimzika Jumapili baada ya ibada. Mwinjilisti alisema maneno mazuri juu ya marehemu, kisha akamgeukia Zablon. Alisema katika nchi hii ambako kila mwenye kisu anajikatia mnofu, Chiwondo imetoa kijana aliyeshika orodha ya watu elfu arobaini na akamtoa mama yake mwenyewe ili asije akasemwa. Watu waliitikia amina. Wanaume wazima walikuja kumshika mkono kwa mikono miwili. Zablon alisimama pale akipokea, na kila mkono ulimchoma.

Jioni, kabla jua halijazama, alimfuata Sila. Moyoni alikuwa amemtilia shaka: labda mtendaji ndiye aliyefuta jina kwa kalamu, kwa chuki au kwa kuweka la shemeji yake. Sila akamtolea orodha bila kinyongo. Karatasi ilikuwa safi, hapakuwa na mfuto wowote. Namba zilifuatana vizuri, na jina la Raheli Ndahani halikuwepo popote. Lilikuwa limepotea kabla karatasi haijatoka Kikuyu.

Jumatatu alikuwa ofisini kabla ya mlinzi kufungua lango. Alichukua kadi zile zile elfu thelathini na tisa na ushee, akaiendesha programu ile ile kwenye kompyuta ile ile, bila kugusa herufi. Kaya zilizopita: 38,801. Akaiendesha tena. 38,794. Salwa alimkuta ameduwaa mbele ya kioo, akampa pole ya msiba, kisha macho yake yakaangukia zile namba.

"Kadi zile zile?"

"Zile zile."

"Na Agosti zilikuwa mia saba tisini na saba." Salwa akavuta kiti. "Zablon, kitu kimoja kinatoaje majibu matatu?"

Akamweleza. Alichukua daftari la wageni pale mezani akalifungua katikati. "Sema makarani wawili wanaandika kwenye daftari hili moja. Wewe unaangalia mstari upi uko wazi, unaona wa kumi. Kabla hujaweka kalamu, na mimi nimeangalia, nami nimeona wa kumi. Wewe unaandika jina lako pale. Mimi naandika langu juu ya lako. Lako limekwisha. Halafu wote wawili tunasema, mstari unaofuata ni wa kumi na moja. Ukihesabu mistari imejaa yote, hakuna pengo, hesabu inakubali. Ila mtu mmoja hayupo."

"Na kwa kuwa tulitegemea majina yapungue..."

"Tulisema ni majina hewa." Akalifunga daftari. "Kwenye kompyuta yangu kuna ubongo mmoja, makarani wanapokezana kalamu, ni vigumu kugongana. Kwenye hii wanaandika kwa pamoja kweli. Nilikuwa nimeweka kufuli, dada. Nililitoa mwenyewe. Kwa dakika ishirini na mbili."

Akalirudisha lile kufuli, mstari mmoja. Programu ikachukua saa moja na dakika kumi na moja. 38,834. Wakaiendesha tena. 38,834. Kaya thelathini na saba zilikuwa zimefutwa, si kwa wizi wala kwa chuki; zilifika mlangoni wakati mmoja na jina jingine. Mama yake alikuwa wa kumi na nne. Wengine walikuwa wamekwenda kuhemea na hawajarudi. Mzee mmoja upande wa Chemba, walivyopata habari baadaye, alisusiwa na jirani zake miezi mitatu kwa kuitwa mwizi wa mahindi, yeye ambaye hakupata hata punje.

Ndipo Zablon alipolia, ameinamisha kichwa kwenye kibodi, na herufi moja ikawa inajiandika yenyewe kioo kizima. Salwa hakumwambia nyamaza. Hakumkumbusha pia habari ya kusomeana, ingawa haki hiyo alikuwa nayo.

Bwana Gaudence, alipoelezwa, alifunga mlango. Alishauri itoke orodha ya nyongeza, kimyakimya, iandikwe kwamba ni kaya mpya zilizoongezeka. Kwa nini kuwashtua wafadhili? Na wewe, alimwambia Zablon, kijijini kwenu wanakuona shujaa, unataka kuvunja hata hilo? Zablon akajibu kwamba majina thelathini na sita yaliyobaki hayakuwa na mtoto ofisini wa kuwatengenezea sifa. Wameitwa wezi, na lazima waambiwe kuwa hawakuwa wezi. Kisha akasema orodha ya Chiwondo ataipeleka yeye. Salwa akasema atakwenda naye, maana karatasi haisomwi na mtu mmoja.

Walifika katikati ya Desemba na lori la mgawo. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa mashariki, na watu waliokaa mbele ya ofisi ya mtendaji walikuwa wakiyatazama kuliko walivyolitazama lori. Salwa alisimama kwenye ngazi akasoma kwa sauti, jina kwa jina. Aliyesomwa aliitikia, akaja, akachovya dole gumba kwenye wino na kulibandika pembeni ya jina lake, na Zablon, chini, akatia alama kwa penseli. Iliwachukua asubuhi nzima. Mwisho Salwa akafunua karatasi moja iliyobaki, yenye mstari mmoja.

"Raheli Ndahani. Kaya ya mtu mmoja. Mgawo wa miezi minne."

Hakuna aliyeitikia. Zablon akasimama. Aliwaambia yote, kwa maneno mepesi, akiwatolea mfano wa makarani wawili na daftari moja. Aliwaambia kwamba hakumtoa mama yake. Kwamba alimwandika, na kwamba programu aliyoiandika yeye, baada ya kuiondolea kufuli kwa haraka yake mwenyewe, ndiyo iliyomfuta. Sifa mlizonipa msibani, alisema, si zangu.

Yudith alisogea mbele polepole mpaka akawa amesimama uso kwa uso naye.

"Hukumtoa?"

"Sikumtoa, mama Yudith."

"Siku ile barazani, alipokwambia umefanya vizuri, ulisema ndiyo. Nilikuwepo."

"Nilisema."

"Mimi nilikuwa na bakuli mkononi." Akaionyesha mikono yake mitupu. "Ungesema hapana, Zabloni. Ungesema hapana, angekula."

Neno moja dogo. Huenda lisingemponya, saa zilizobaki zilikuwa chache. Lakini angalau mama yake angekufa ameonja uji. Hilo hakuwa amelifikiria. Alikuwa amejilaumu kwa kufuli tu.

Salwa alishuka ngazi, akaweka kile kidau cha wino juu ya meza mbele yake. Zablon alijua kusaini vizuri, tena kwa mbwembwe. Lakini pembeni ya jina lile palitakiwa dole gumba, kama mama yake ambavyo angeweka. Akachovya, akabandika. Salwa akatia alama kwa penseli.

Akajitwika gunia. Watu wakampisha njia, hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia. Alitembea nalo mpaka nyumbani kwa mama yake, akalitua barazani pale ilipokuwa ngozi. Lilikuwa limekuja mwisho, kama alivyosema lingekuja. Zablon akaketi kando yake chini, mgongo ukutani, na matone ya kwanza ya mvua yalipoanguka alinyanyuka akalivuta ndani lisilowe.